Mahema Kando ya Barabara Kuu

Bermet, binti wa jirani yangu Sonun, tulimzika bila hema. Naanza na hilo kwa sababu ndiko hasira yangu ilikoanzia, na sioni haya kuitaja.

Kwetu maiti hatolewi ndani ya nyumba ya matofali akapelekwa makaburini kama gunia. Husimamishiwa hema la sufu uani, akalazwa humo, wanawake wakamkalia na kumlilia kwa maneno ya kumsifu. Nje hufungwa kitambaa juu ya mti mrefu, mpita njia ajue anamwombea nani: cheupe ni cha mzee, cheusi cha mtu wa makamo, chekundu cha kijana. Bermet alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na bado hajaolewa. Sonun alikuwa ameshachana shela yake nyekundu alipoingia Jumabek, mwenyekiti wa kijiji, barakoa imemning'inia kidevuni.

"Dada Sonun, pole. Lakini amri imetoka wilayani. Hakuna hema, hakuna kitambaa, hakuna kukusanyika."

"Kwa nini?"

"Kuzuia huu ugonjwa, dada."

"Ugonjwa upi? Si jana mmeniandikia kwamba mwanangu hakuwa nao?"

Jumabek akatazama viatu vyake. Cheti cha kifo kilisema homa ya mapafu. Kwa cheti, Bermet hakufa kwa ugonjwa wa dunia nzima. Kwa mazishi, ndiyo, alikufa kwa huo huo. Tukamzika watu wachache, haraka, na Sonun akarudi nyumbani na kile kipande chekundu amekikunja mfukoni.

Mchana wake nilikaa naye tukisikiliza televisheni. Kila mchana kijana mmoja mwenye tai alisoma hesabu za nchi: mji mkuu wagonjwa kadhaa, mkoa wa kusini kadhaa, waliofariki kadhaa. Alipofika wilaya yetu akasema sifuri, na akatusifu. Akaongeza kwamba wananchi wasiwe na hofu, wanaokufa ni wazee waliokuwa na maradhi yao ya zamani. Sonun aliinuka akaenda kukamua ng'ombe, na ng'ombe wake alikuwa ameshakamuliwa.

Mimi si mtu wa kusoma sana. Niliishia shule ya msingi, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na mume. Mwanangu Ulan yuko Urusi anajenga maghorofa ya watu, na mipaka ilikuwa imefungwa. Nyumbani tulibaki mimi na mkamwana wangu Meerim, muuguzi wa zahanati ya kijiji, ndiye aliyenieleza sifuri ile inavyopikwa.

"Mama, mtu hahesabiwi mpaka apimwe," aliniambia, anaosha glovu zile zile kwa sabuni ya kufulia, maana nyingine hakuna. "Vipimo havitumwi mahali pasipo na wagonjwa. Na sisi hatuna wagonjwa, kwa sababu hatujapimwa."

"Hiyo ni akili ya nani?"

"Ya Daktari Keneshbek, mkuu wa afya wa wilaya. Kila nikimpigia ananiambia, binti, andika homa ya mapafu, usinichafulie wilaya."

"Na wewe unaandika?"

"Naandika ninachokiona: kikohozi, homa, hewa imepungua. Yeye anafuta, anaandika lake."

Meerim alikuwa akitoka nyumba hii akiingia ile. Mzee Toktosun, mume wa jirani yetu Anipa, alimfia mikononi. Bermet alimfia mikononi. Dereva wa lori la makaa, baba wa watoto watatu, naye hivyo hivyo. Wenyewe tulijitibu kwa tulichokuwa nacho: mafuta ya mkia wa kondoo kifuani, moshi wa matawi ya mti wa mreteni ndani ya nyumba. Asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri nilimkuta Meerim ameketi ukumbini, kile kidude chake cha kubana kidole na kupima hewa iliyomo damuni kiko kidoleni mwake mwenyewe. Alikificha. Nikamshika mkono nikakitazama. Namba ilikuwa themanini na nne, na mimi nilikwisha kumsikia akisema kwamba ikishuka chini ya tisini mtu atafutiwe oksijeni.

Nikavaa kitambaa changu kizuri nikaenda wilayani kwa gari la kuuzia maziwa.

Daktari Keneshbek alinipokea. Siwezi kusema ana matusi, hapana. Alinipa kiti na chai. Nikamwomba ile mashine inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, ambayo watu wa mjini walikuwa wakiazimana kwenye watsapu.

"Mama yangu, mashine hizo ni za wagonjwa wa ugonjwa wenyewe. Huyu wako ana homa ya mapafu."

"Umempima?"

"Wilaya yetu haina ugonjwa huo, mama. Husikilizi habari?"

"Nasikiliza. Ndiyo maana nimekuja kumtazama anayeitunga."

Akacheka, kama mtu anayechekea mtoto. "Mkandeni kwa mafuta. Na mumwombee dua, mama. Nyinyi watu wa dini mnajua."

"Dua nimeomba kabla sijapanda gari," nikamwambia. "Kwako nimekuja kwa kazi yako."

Nikauliza kama mashine hiyo ipo hata moja, hospitali nzima. Akasema hapana. Alisema akinitazama usoni. Niliporudi nilimkuta Meerim amelala kifudifudi, kama alivyokuwa akiwafundisha wengine walale, anavuta pumzi kama aliyepanda mlima na magunia.

Habari ya tume tuliipata kwa Anipa. Binamu yake anafagia ofisi ya wilaya. Alisema kwamba Alhamisi tume ya wakubwa wa afya kutoka mji mkuu watapita kwenda mkoani, watapita barabara kuu, na Daktari Keneshbek ameagiza kondoo wachinjwe na ukuta wa hospitali upakwe chokaa upande ule unaoonekana. Wilaya yenye sifuri itapewa cheti cha pongezi.

Tulikuwa wanawake kama sita kwenye mfereji, kila mmoja na ndoo zake, tumeachana kidogo kama tulivyoagizwa.

"Tuwasimamishe barabarani tuwaambie," akasema mmoja.

"Nani asimame?" akasema Anipa. "Watatupungia mkono kama wanavyowapungia kondoo. Tena kondoo angalau huwasimamisha."

"Basi tupeleke kondoo."

Tukacheka, Mungu atusamehe, maana wengine wetu tulikuwa bado hatujamaliza arobaini. Sonun hakucheka. Alitoa mfukoni kile kitambaa chekundu, kimekunjamana, akasema taratibu kama anayeulizia bei ya chumvi:

"Mimi mwanangu namdai hema lake."

Hapo ndipo shauri lilipoanzia. Ni yeye, si mimi. Mimi nilichoongeza ni kwamba nyumba zetu nyingi zimepanga mstari kando ya barabara kuu, na hema la sufu halifichiki. Mtu wa nchi hii, awe mkubwa namna gani, akiona hema limesimama uani na kitambaa juu ya mti, haulizi ni nini. Moyo wake unajua kabla ya macho. Na akiona mengi kwenye mstari mmoja hawezi kuambiwa sifuri.

Shida ilikuwa mahema yenyewe. Ilikuwa Julai. Mahema yote yako juu malishoni na wachungaji na farasi wa kukamuliwa. Ikabidi Anipa apande na shemeji yake kwenda kuwaomba. Nilidhani watakataa, maana kule juu baridi ya alfajiri inauma hata Julai. Walisikiliza, wakamuuliza majina ya waliokufa, kisha wakaanza kuvua sufu kwenye fito. Walilala chini ya turubai. Wachungaji hao tunawatania kwamba hawajui duniani kuna nini.

Imamu Ryskul akaja kwangu, ananiheshimu kwa sababu ya marehemu mume wangu.

"Dada Zuurakan, wewe ni mtu wa swala. Hema si katika dini. Ni mila."

"Najua, imamu. Na kusema uongo juu ya maiti, ni katika dini?"

Akashika ndevu. "Si katika dini."

"Basi tuache tuondoe hili kubwa kwa hilo dogo."

"Hakikisheni hamsemi uongo na nyinyi," akasema, akaondoka.

Neno lake lilinisaidia, maana jioni ile ile Anipa alikuja na wazo. "Mzee Dootbek hali yake mbaya. Hafiki Ijumaa. Tumtangulizie la kwake, mstari uwe mrefu."

"Hapana."

"Si kesho au keshokutwa tu, dada Zuura?"

"Hata kama ni baada ya saa moja. Aliye hai hasimamishiwi hema. Na yule aliyeanguka farasini mwezi uliopita, naye hatumhesabu. Wale tu waliokufa wakitafuta pumzi. Wakihesabu wao uongo, sisi tuhesabu kweli, la sivyo tofauti yetu ni nini?"

"Wewe na ukweli wako," akasema Anipa. "Haya. Lakini Dootbek akifa mapema asinilaumu."

Alhamisi, jua linachomoza, tukasimamisha. Wanawake wanajua kazi hiyo: fito zilizosukwa zikanyooshwa kuwa ukuta, duara la juu likainuliwa, sufu ikafungwa kwa kamba. Hatukukusanyika. Kila nyumba na watu wake, uani kwake, barakoa usoni. Jumabek akapita, akaona, akageuka akarudi kwake, na baada ya muda tukamwona anasimamisha la shangazi yake. Nilipotoka barabarani kutazama, nilianza kuhesabu upya. Nilijua idadi. Nilikuwa nimekwenda kila nyumba kutoa pole. Lakini kujua kwa kwenda nyumba moja moja si sawa na kuona. Mahema kumi na moja, na vitambaa juu yake vinapigwa na upepo. Vyeupe vinne. Vyeusi vinne. Vyekundu vitatu. Hawa ndio wazee na maradhi yao ya zamani.

Kwangu hapakuwa na hema. Mkamwana wangu alikuwa hai bado.

Daktari Keneshbek alifika kabla ya tume. Nadhani kuna mtu alimpigia. Gari lake lilipita mstari mzima polepole, kisha likarudi likasimama mlangoni kwangu. Aliniletea mimi shauri lake kwa sababu alijua nina mtu kitandani, na wengine walikwisha kuzika.

"Mama," akasema, safari hii hakucheka, "mnavunja amri ya karantini. Naweza kuita polisi."

"Waite. Waje waone."

Akatazama saa. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Tuzungumze kama watu. Huyu binti hali yake vipi?"

"Kidude kinasema sabini na nane."

"Sikiliza. Waambie wanawake washushe. Wanakusikiliza wewe. Washushe sasa hivi, na mimi jioni namletea mashine."

Nilimtazama.

"Mashine ipi?"

Akatazama tena saa.

"Uliniambia hakuna. Nilikuuliza hata moja, ukasema hakuna."

"Imepatikana, mama."

"Jioni hafiki. Ilete kwanza."

"Mtashusha?"

"Ilete kwanza," nikarudia. Sikusema zaidi ya hapo. Mungu ni shahidi wangu, wala Keneshbek mwenyewe hawezi kudai kwamba nilisema neno lingine.

Akampigia simu dereva wake wa pili. Maji niliyobandika yalikuwa bado hayajachemka gari likaingia. Dereva, kijana mnene mwenye uso mwema, alishusha boksi refu akalibeba kifuani. Keneshbek ni daktari kweli, tusimnyime. Aliichomeka, akatengeneza mipira, akamwekea Meerim puani kwa mikono inayojua. Mashine ikaanza kuguruma kama paka. Tukatazama kidude. Sabini na tisa. Themanini na mbili. Nikasoma aya nilizozijua. Ilipofika themanini na nane midomo yake ilianza kurudiwa na rangi, na mimi nikatoka nje nikafuta uso wangu ukutani, sijui kwa nini ukutani.

Akanifuata. "Sasa, mama. Wanakaribia. Waambie washushe."

Uani walikuwa wamesimama Anipa na Sonun, na nyuma ya lango wengine. Walikuwa wamesikia gari. Anipa akasema, "Dada Zuura, kama ni kwa ajili ya Meerim, mimi langu nashusha. Toktosun alikuwa mzee, ataelewa."

Hapo nilitetereka, siwezi kusema sikutetereka. Nilimtazama Sonun. Alikuwa anatazama mlango wa chumba, mngurumo ule unatoka ndani.

Meerim ndiye aliyesema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini dirisha lilikuwa wazi. "Mama. Msishushe." Akavuta pumzi. "Bermet aliniuliza, kuna mashine? Nikamwambia hakuna wilaya nzima. Nilimdanganya mtu anayekufa."

Nikamgeukia Keneshbek. "Umesikia. Sikukuahidi kitu. Mahema hayashuki."

"Basi mashine naichukua. Ni mali ya serikali."

Akarudi ndani. Tukamfuata mpaka mlangoni. Aliinama, mkono ukawa juu ya waya ulipochomekwa ukutani. Sikujua nifanye nini. Yeye ni mwanamume mwenye nguvu na mimi ni bibi. Sonun akapita ubavuni mwangu, akaenda akaketi kitandani miguuni pa Meerim.

"Chomoa," akamwambia. Hakuinua sauti. "Mwanangu sikumwona akikata roho, nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Chomoa huyu, nione inakuwaje."

Keneshbek alibaki ameinama. Kisha akanyooka, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu, akatoka.

Tume ilikuja na magari matatu, na gari la kwanza likapunguza mwendo bila mtu kulisimamisha. Alishuka mwanamke wa makamo, daktari, nywele zimefungwa kwa mpira kama msichana wa shule. Alisimama barabarani anatazama mstari kuanzia mwisho huu mpaka ule. Akatembea. Kila hema alipofika, wenyewe walitaja jina la mtu wao na kazi yake. Walikuwa hawajapangiwa maneno. Mbele ya hema la Bermet alisimama muda, akauliza umri, akaambiwa. Keneshbek alikuwa pembeni yake anaongea mfululizo: mila za kijiji, mama, watu wetu wanatia chumvi, ni homa ya mapafu ya msimu.

"Ya Julai?" yule mwanamke akauliza.

"Na tumewasaidia. Hata leo nimewaletea mashine."

Yule dereva mnene alikuwa anakunja boksi tupu langoni kwangu. Yule daktari mwanamke akamuuliza, pengine kwa mazungumzo tu, "Umeitoa mbali?"

"Hapana, mama, hapo stoo ya wilaya. Mbona ziko nyingi. Tangu Mei mimi ndiye nazipangusa vumbi."

Alisema kwa furaha, kama mtu anayesifiwa kazi yake. Halafu akaona nyuso zetu.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa kuandika kwamba tulimrukia Keneshbek, lakini hatukumrukia. Anipa alisema, "Mei," kisha akasema tena, "Mei," na akakaa chini juu ya ndoo. Sonun alimwendea yule mwanamke wa tume, akamwomba jambo moja: apelekwe akazione. Wakampakia kwenye gari lao.

Jioni alirudi. Mashine nyingine zilikuja naye, na moja ikaenda kwa Mzee Dootbek, ambaye mpaka leo anamuuliza Anipa lini anamsimamishia hema. Nilimkaribisha Sonun chai na mkate. Hakugusa.

"Zilikuwa bado na nailoni, dada Zuura," akasema. "Hata nailoni hawajatoa."

Siku ya pili kijana mwenye tai alisoma hesabu. Wilaya yetu: mgonjwa mmoja. Ni Meerim, kwa kuwa tume ilimpima. Waliofariki: sifuri. Yaani kati ya watu wote wa kijiji hiki aliyehesabiwa ni yule aliyenusurika. Na Keneshbek, tukasikia, amehamishwa. Hakufukuzwa, amehamishiwa wilaya nyingine, na huko nako watu wanavuta pumzi kama sisi.

Basi asubuhi yake tulikwenda wilayani, kila mwenye hema na cheti chake mkononi, tukasimama mbali mbali mbele ya dirisha la kuandikisha vifo. Mimi sikuwa na cheti. Nilikwenda kwa sababu wa kwangu alikuwa nyumbani anapumua. Karani akatazama mstari, akasema vyeti vikishatolewa havibadilishwi, na daftari limeshafungwa.

"Limefungwa na nani?" Sonun akauliza.

"Na ofisi, mama. Rudini nyumbani."

"Na zile mashine za stoo, nani alizifungua?"

Karani hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Anipa alikuwa amebeba zulia la sufu begani. Akalitandika pale pale chini ya dirisha, akavua viatu, akaketi, akafungua mkate.

"Andika polepole, mwanangu," akamwambia karani. "Sisi hatuna haraka. Wenye haraka tumeshawazika."

Nikaketi karibu yake. Sonun hakuketi. Alibaki amesimama dirishani, cheti kimenyooshwa, mpaka yule kijana akanyoosha mkono akakipokea.